Kemia wa Chuo cha Waimbaji

Kila kijana anayeajiriwa kwenye maabara ya idara ya maji hutaka kujua bosi wake alisoma wapi. Bosi mwenyewe ni mama wa makamo, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na hana siri. Anakitaja chuo chake. Kijana anasita, anamkodolea macho akitafuta kama ni utani, kisha anauliza kwa adabu, "Samahani mama, pale si wanafundisha kuimba?"

"Kuimba, kuchora, kuigiza na kufinyanga," mama anajibu. "Na kemia. Mlango wa mwisho, ukishawapita wafinyanzi."

Wenzake wanacheka, naye anacheka nao. Zamani swali hilo lilimkata maini. Siku hizi analisubiri kwa hamu, kwa sababu linampa nafasi ya kusimulia. Kazini wanamwita Mama Maji, lakini kule chuoni alibandikwa jina la Kemia, na kwa kuwa habari yenyewe ni ya chuoni, tumwite hivyo hivyo.

Kemia alilelewa na mama yake peke yake, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kazi na kimoja cha kulala. Mapenzi yake ya sayansi yalianzia kwenye madoa. Wateja walileta nguo zimemwagikiwa wino, zimeshika kutu, zimepata mafuta, na mama alikuwa na dawa ya kila doa: hili ndimu na chumvi, lile spiriti, lile maji ya moto na sabuni ya kipande. Mtoto akawa anauliza, "Mama, kwa nini ndimu inatoa kutu lakini haitoi mafuta?" Mama, sindano mdomoni, akawa anajibu, "Kwa sababu inatoa kutu na haitoi mafuta. Nipe mkasi." Jibu hilo halikumtosha. Akaapa moyoni kwamba atakwenda kulitafuta mahali wanapolijua.

Alifaulu vizuri, ila si vizuri vya kutosha. Chuo kikubwa cha sayansi kilijaa kabla jina lake halijafikiwa, akapangiwa chuo cha sanaa, ambacho kilikuwa na kitengo kidogo cha kemia ambacho hata wenyeji wa mji hawakukijua. Siku aliyopata habari alijitupa kwenye lundo la vitambaa akalia mpaka mama akamfukuza. "Lia sakafuni, mwanangu. Hapo kuna satini ya bibi harusi, chozi likikauka linaacha alama."

Mjomba wake, dereva wa lori, mtu wa masihara asubuhi mpaka jioni, ndiye aliyemsafirisha na sanduku lake. Njia nzima alikuwa akimsumbua. "Haya mjomba, tuimbie hata ubeti mmoja, tujue kama sauti ipo."

"Mjomba, naenda kusoma kemia."

"Sawa. Tuimbie hiyo kemia."

Walipofika langoni, kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya ukuta akiwahutubia watu kwa sauti ya kifalme, shuka limemfunika bega. Mjomba alizima injini, akamtazama, akasema taratibu, "Sasa mjomba, hapa ukichanganyikiwa, nani atajua?"

Maabara ya kemia ilikuwa mwisho wa jengo refu. Upande mmoja ilipakana na chumba cha waimbaji, upande wa pili na banda la wafinyanzi. Tarumbeta zilipoanza, chupa kwenye rafu zilitetemeka na kugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mwaka huo wanafunzi wa kemia walikuwa watatu. Mmoja alihamia uhasibu kabla ya mitihani ya kwanza, wa pili alikuwa mpole kiasi kwamba siku nyingine walisahau kama yupo. Mizani nzuri ilikuwa moja tu. Ilikaa ndani ya sanduku la kioo, imefunikwa kitambaa cheupe, na ilikuwa marufuku hata kupumua karibu yake, ndiyo maana waliiita Bibi Harusi.

Juu ya vyote hivyo alikuwepo mwalimu, mama mfupi wa maneno ya mkato, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi hapa na pale. Vyuo vikubwa vilishamwita zaidi ya mara moja, na watu hawakuelewa kwa nini hakwenda. Alikuwa na swali moja lililomtia kila mwanafunzi kichefuchefu. Ukimwendea na majibu, ukaanza, "Mwalimu, nadhani..." yeye alikukatiza hapo hapo. "Sijakuuliza unadhani nini. Umeona nini?"

Miezi ya mwanzo Kemia alijiona ametupwa. Aliwaza wenzake waliopata chuo kikubwa, mashine walizokuwa nazo, majina makubwa yaliyowafundisha. Hakujua kwamba huko watu walijipanga foleni kuigusa mizani, wakati yeye alikuwa anapima kila siku. Hakujua kwamba mwalimu anayefahamu hata mwandiko wako unapokuwa na usingizi ni kitu cha kushukuru. Hayo aliyajua baadaye.

Mambo yalianza kugeuka pale tanuri dogo la maabara lilipokufa. Lilitoa cheche, likatoa harufu mbaya, likanyamaza. Kemia alikuwa katikati ya kazi ya kuchoma sampuli za udongo, na hapakuwa na dalili ya tanuri jipya kununuliwa karibuni.

"Jirani zetu wana tanuri," mwalimu alisema. "Nenda kaombe. Una mdomo."

Mkuu wa wafinyanzi alikuwa msomi mwenye cheo kikubwa, ila kila mtu, kuanzia mkuu wa chuo mpaka mfagizi, alimwita Fundi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko cheo. Vyombo vyake vilikuwa sifa ya chuo kizima: mabakuli na vikombe vyekundu na vya rangi ya machungwa, vinang'aa kama vimelowa maji. Wageni wa heshima walipewa zawadi ya vikombe hivyo. Kemia alimkuta ameinama kwenye gurudumu, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo Fundi. Natoka mlango wa pili."

"Marahaba binti yangu. Kumbe kule kuna watu? Mimi nilijua ni stoo."

Alimkubalia papo hapo, tena akamfinyangia vikombe vidogo vya kuchomea sampuli zake, vyepesi kama ganda la yai. Tangu siku hiyo Kemia akawa mtu wa banda. Wanafunzi wa kufinyanga ndio waliompa jina, "Karibu Kemia! Leo unatupikia sumu gani?" Waigizaji waliokuja kuota moto wa tanuri wakamfundisha kusema na watu bila kutazama viatu vyake. Mchoraji mmoja, msichana wa maneno mengi, alimfundisha kuona. "Unasema hii ni nyekundu? Nyekundu ipi? Ya damu mbichi au ya damu iliyokauka?" Kemia alirudi maabara akagundua kwamba sasa anaona rangi ya kimiminika inavyobadilika kabla ya mwenzake mpole hajaona kitu. Mwishoni mwa mwaka Fundi alimpa kikombe chekundu ampelekee mama. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, akakifuta kwa pindo la kanga ingawa hakikuwa na vumbi.

Basi ilikuwa mwaka wa mwisho. Kemia alikuwa anangoja vikombe vyake vipoe, akamwona Fundi akijaribu kufunga kifungo cha shati. Kiganja cha kulia kiliinama kutoka kifundoni kama ua lililokosa maji. Alijaribu kukiinua, kikakataa.

"Fundi, mkono una nini?"

"Uzee. Unakuja bila kubisha hodi." Akacheka, lakini alikuwa ameshika tumbo. Tumbo lilimsokota mara kwa mara, alisema, na choo kilikuwa kigumu, na juzi alisahau jina la mwanawe wa kwanza. Yote aliyaweka kwenye kapu moja la uzee, ingawa hakuwa hata na mvi za kutosha kujaza kiganja.

Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakichota unga wa rangi ya machungwa kutoka kwenye debe lisilo na lebo. Walikuwa wanautengenezea kile walichokiita kioo, ule uji unaopakwa chombo kabla ya kuchomwa ndipo king'ae. Unga ulipepea mwangani. Ulikuwa kwenye nywele zao, kwenye meza, kwenye kingo za bilauri ya maji ya Fundi.

Kemia aliutazama unga, akautazama tena ule mkono. "Fundi, unga huu ni wa nini?"

"Ndio roho ya kazi, huo. Nimeutumia tangu hujazaliwa. Mwenye duka ananiletea, simuulizi kautoa wapi."

Aliomba kidogo, akaondoka nao kwenye karatasi iliyokunjwa, akinyata kama amebeba yai. Maabarani aliumwagia asidi ya nitriki. Rangi ya machungwa ikageuka kahawia, mashapo yakatua chini. Akachuja, akapata maji maangavu. Kisha akadondosha matone machache ya iodidi ya potasiamu.

Maji yakawa manjano. Yaliwaka manjano kama mtu kawasha taa ndani ya kioo. Kemia alibaki ameishika neli ya kioo hewani. Alijua maana yake. Kila mwanafunzi wa kemia anaijua rangi hiyo: ni madini ya risasi, yale yanayoingia mwilini kimya kimya, yakalegeza mikono, yakakunja matumbo, yakafuta kumbukumbu.

Akamkimbilia mwalimu. "Mwalimu, nadhani Fundi..."

"Umeona nini?"

"Nimeona manjano."

Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena. "Rudia. Rudia na maji matupu, rudia na unga mwingine wa dukani. Halafu chukua kikombe kilichokwisha kuchomwa, kijaze siki, kiache mpaka kesho." Walipoichemsha siki ile ikapungua na kuidondoshea iodidi ile ile, nayo iligeuka manjano. Sumu haikuwa ya bandani peke yake. Ilikuwa inatoka kwenye vikombe, mezani, kwenye chai ya watu yenye ndimu.

Hapo ndipo Kemia alipomkumbuka mama. Kila asubuhi, tangu yeye ana akili, mama yake alikuwa akinywa maji ya moto na ndimu. Na kikombe chekundu kilikuwa kule. Alikwenda mbio kwenye simu ya ofisi ya waimbaji, akampigia jirani, jirani akaenda kumwita mama, na muda huo wote watu walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za muziki nyuma yake, do, re, mi, naye jasho linamtiririka.

"Mama! Kile kikombe chekundu, unakinywea?"

"Kikombe kipi?"

"Cha Fundi, mama! Cha zawadi!"

"We mtoto una wazimu? Kikombe kizuri vile nikinywee mimi? Nimetilia vifungo."

Kemia aliketi sakafuni na simu sikioni. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, mpaka waimbaji wakakatiza ngazi zao kumtazama. "Vipi wewe?" mama alikuwa anauliza. "Unaumwa? Mbona unanitisha?" Kemia anasema hajawahi kuvipenda vifungo kama siku ile.

Kumwambia Fundi ndiyo ilikuwa kazi. Alimweleza kwa heshima zote, akitumia sauti aliyofundishwa na waigizaji, na bado ikawa vibaya. Fundi aliacha gurudumu likazunguka bure.

"Yaani unakuja kwenye banda langu, unachomea vitu vyako kwenye tanuri langu, halafu unaniambia ninaua watu?"

"Fundi, sijasema hivyo. Nimesema unga..."

"Huo unga ndio uliojenga jina la chuo hiki! Nyinyi wa stoo mna nini? Nenda, binti. Nenda kabla sijasema la kunijutisha."

Alirudi maabara macho mekundu. Alikuwa tayari kuacha. Kama mtu mzima hataki kusikia, yeye afanye nini? Mwalimu alikuwa anafunika Bibi Harusi kwa kitambaa chake. Akasema bila kugeuka, "Wewe nilikwambia ukaamini? Uliona. Na yeye mwache aone. Yule mtu kazi yake ni macho."

Mwalimu alikwenda mwenyewe kumwita. Walichosemezana Kemia hakijui mpaka leo, ila baada ya siku chache Fundi aliingia maabara kwa mara ya kwanza, ameshika kikombe chake na pakiti ya unga kutoka debe lake, uso mkavu. Wanafunzi wake walijazana mlangoni. Mwalimu akamvalisha koti, akamwonyesha, kisha akarudi nyuma. Kila kitu alikifanya Fundi kwa mkono wa kushoto. Alimwaga, akachuja, akatazama maji maangavu dhidi ya dirisha, akadondosha.

Manjano ikawaka.

Mwalimu aliipasha moto ile neli, manjano ikayeyuka maji yakawa maangavu. Kisha akaiacha ipoe. Taratibu vikaanza kushuka vipande vidogo vidogo vya dhahabu, vikizunguka, vikimeremeta. Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa neli.

"Sijawahi kuona rangi nzuri namna hii," alisema kwa sauti ya chini. Halafu akautazama mkono wake wa kulia ulioinama mezani. Akavuta kiti, akakaa kitako. "Na hawa watoto? Na wao wanayo?"

"Ndiyo sababu tumekuita," mwalimu alijibu.

Hospitali ilithibitisha. Damu ya Fundi ilikuwa na risasi ya kutisha, na wanafunzi wawili nao walikuwa nayo, ila kidogo, wakapona kwa dawa na mapumziko. Banda lilifungwa, likaoshwa kila pembe kwa maji, maana kufagia kungeinua vumbi. Vikombe vilikusanywa kutoka kantini na ofisini. Wengine walivitoa kwa shingo upande, na mkuu wa chuo alikuwa wa mwisho, kwani cha kwake, alisema, kilikuwa kimemzoea. Mwenye duka alipoulizwa unga aliutoa wapi, alikuna kichwa tu.

Fundi alikaa nyumbani muda mrefu. Kemia alikwenda kumwona akiwa na hofu. Alidhani kinyongo kingalipo. Na kweli kilikuwepo kidogo. Mzee alizungumzia mvua, akazungumzia mpira, akakwepa. Mwishowe akasema, "Unajua kilichoniuma? Haukuwa ugonjwa. Ni kwamba vyombo vyangu vizuri vyote vilikuwa ni ile sumu. Bila ule unga mimi sijui kung'arisha hata kijiko."

"Basi tutafute kioo kingine, Fundi."

"Mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Mradi wangu wa mwisho sijaandika hata mstari."

Ndivyo walivyoanza. Kemia alipima majivu, mchanga mweupe na boraksi kwenye Bibi Harusi. Fundi akapaka kwa kushoto na kuchoma. Sahani ya kwanza ilitoka na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Ya pili ilitoa malengelenge. Nyingine ilishikana na rafu ya tanuri ikabidi ivunjwe kwa nyundo, Fundi akisema maneno ambayo msomi wa cheo chake hapaswi kuyajua. Kila chombo kilipotoka, Kemia alikijaza siki na kukipima, na kila mara maji yalibaki maangavu. Hilo liliwapa nguvu hata vyombo vilipokuwa na sura mbaya.

Hatimaye, wakati Kemia ameshakaribia kukata tamaa, walifungua tanuri wakakuta bakuli la kijani kibichi tulivu, lenye mng'ao wa mbali. Halikuwaka kama yale mekundu. Fundi alilizungusha mwangani, akalikubali kwa kichwa. Baadaye alimwambia mtu, si Kemia, kwamba kijani kile kinamtuliza, na kwamba ujanani asingekiona. Mkono wa kulia ulirudi kwa sehemu tu. Alimaliza miaka yake ya kazi akifinyanga kwa kushoto, kulia kukiwa msaidizi, na vyombo vyake vya kipindi hicho viko kwenye nyumba nyingi, watu wanavinywea bila wasiwasi.

Kemia alipokwenda kuomba kazi idara ya maji, wasaili walikitazama cheti chake na mmoja akatabasamu. "Chuo cha waimbaji. Ehe, tueleze, ulifanya nini huko?" Akawaeleza, amesimama wima, sauti inafika ukutani, macho kwa macho. Hakutia chumvi. Aliyekuwa ametabasamu ndiye aliyeuliza maswali mengi, na mwishowe akauliza anaweza kuanza lini. Ameshika kazi hiyo mpaka leo, na mji unakunywa maji aliyoyapima.

Juzi juzi alikwenda kumsalimia mwalimu wake, aliyestaafu, anayeishi na mpwa wake kwenye nyumba yenye bustani ndogo. Alikuwa amejipanga njia nzima: angemwambia kwamba kama si yeye asingekuwa kitu, kwamba chuo alichokilia ndicho kilichomtengeneza, kwamba kila mara vijana wanapomcheka humkumbuka yeye. Mwalimu alikuwa anamwagilia maua.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi? Mimi nilikuwa nalipwa mshahara."

"Kwa yote, mwalimu. Ungeweza kwenda vyuo vikubwa. Ukabaki na sisi watatu."

Mwalimu aliweka ndoo chini. "Kule ningekuwa na wanafunzi mia nisiowajua. Hapa nilikuwa na wewe, nikakujua mpaka unavyopiga chafya. Nani kamfanyia mwenzie hisani?" Machozi yakamlengalenga Kemia, na mwalimu, ambaye hakupenda mambo hayo, akamshika mkono akamvuta kwenye kona ya bustani.

"Hebu acha hayo. Majani ya mche huu yanageuka njano pembeni. Mpwa wangu anasema anadhani ni maji ya bomba lenu."

Kemia alivaa miwani, akachutama kando ya mche, akaligeuza jani moja baada ya jingine bila haraka, huku mwalimu amesimama nyuma yake, anangoja.